Santuri ya Bendera

Sanduku la santuri mpya lilikuwa likifika Mombasa kila Alhamisi kwa gari la moshi la usiku kutoka Nairobi, na mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa stesheni kulipokea. Mwaka ulikuwa 1977. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi wala karo ya kuendelea na masomo, na tajiri mmoja wa Kihindi aliyekuwa na duka la muziki katika kichochoro cha nyuma ya Digo Road akanichukua kwa shilingi 380 kwa mwezi. Nikifika stesheni nilikodi mkokoteni, nikalipakia sanduku na kulifunika gunia lililoloweshwa maji, nikatembea ubavuni mwake mkono juu ya kifuniko, kwa kuwa jua la pwani la saa tatu tu asubuhi linatosha kuipinda santuri ikawa kama kikaango. Njia ile ni Barabara ya Haile Selassie. Wakati ule sikujua kuwa ng'ambo ya bahari, huko Jamaika, wako watu waliomwabudu mfalme huyo, na kwamba ndani ya mzigo niliousindikiza juu ya barabara yenye jina lake zilikuwamo nyimbo za kumsifu. Nilikuja kuyajua hayo dukani, kwa kusoma maandishi ya nyuma ya maganda ya santuri wakati wa adhuhuri, wateja wakiwa wamelala.

Kulifungua sanduku ilikuwa kazi ya tajiri mwenyewe. Alikuwa na kisu kidogo cha mpini wa pembe, akikata kamba bila pupa, na kifuniko kilipoinuka harufu ilitoka: gundi, wino, karatasi nene, na ile harufu ya plastiki mpya inayokaa kooni, kama ya ndoo iliyoachwa juani. Ilichanganyika na ubani aliouwasha kila asubuhi mbele ya picha za miungu yake na moshi wa mishkaki ya jirani, na hadi leo nikipita panapofukizwa ubani masikio yangu husikia besi. Santuri ndogo ya nyimbo mbili ilikuwa shilingi 10. Kubwa iliyochapishwa kiwandani Nairobi ilikuwa 65, na ile iliyotoka London moja kwa moja, yenye ganda gumu linalong'aa, tajiri hakuitoa chini ya 110. Upate kupima, mwanangu, kikombe cha kahawa chungu kilikuwa senti 20, na sahani ya mbaazi na mahamri mawili haikufika shilingi mbili. Mchukuzi wa bandarini alipohesabu shilingi 65 juu ya kaunta, noti zikiwa bado na unyevu wa jasho lake, alikuwa anakitoa chakula cha nyumba nzima cha siku kadhaa.

Kwa hiyo watu hawakununua ovyo. Walikuja kusikiliza kwanza. Tajiri aliruhusu upande mmoja wa santuri upigwe, mteja amesimama, na baada ya hapo aseme anachukua au hachukui. Nilizijua nyuso za watu wakisikiliza kuliko nilivyozijua za ndugu zangu. Alikuwako mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, ambaye hakutaka chochote ila Otis Redding, na Otis alikuwa amekufa katika ajali ya ndege tangu Desemba 1967. Kila mwezi aliuliza kama imekuja mpya ya Otis, na kila mwezi ilikuwako, kwa sababu makampuni hayachoki kukusanya nyimbo za marehemu na kuzitilia ganda lingine. Alikuwako dada mmoja aliyefanya kazi ya kutandika vitanda katika hoteli ya pwani ya kaskazini. Yeye alifumba macho Aretha Franklin alipoanza kuimba, akashika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili, na ulipokwisha upande ule alilipa bila neno. Na walikuwako vijana wa suruali pana chini na viatu vya visigino virefu, nywele za afro zimechanwa mpaka zikawa kama mwavuli, waliotaka James Brown, Kool & the Gang, Ohio Players, muziki wa ngoma nzito na gitaa la kukwaruza. Hao hawakusimama wakasikiliza. Walicheza pale pale kati ya makasha, na tajiri akawatazama juu ya miwani yake bila kuwakataza, maana duka lenye watu wanaocheza huita watu wengine.

Soul haikuwa ngeni kwetu. Mombasa tulikuwa na mtu wetu, Slim Ali, kijana wa mji huu huu aliyeimba soul pamoja na kundi la Hodi Boys kwa sauti ambayo, ukiwa umegeuka mgongo, ungesema imetoka Memphis. Kaka yangu mkubwa alimwona jukwaani akarudi nyumbani usiku hawezi kulala. Mimi niliyoyaona kwa macho yangu ni ya ile santuri ya Stevie Wonder, Songs in the Key of Life, iliyotoka Marekani mwishoni mwa Septemba 1976 na kutufikia sisi mwaka uliofuata. Ilikuwa na santuri mbili kubwa, ya tatu ndogo yenye nyimbo nne, na kitabu cha maneno ya nyimbo, vyote ndani ya ganda moja. Tajiri aliagiza tatu tu akihofia bei. Mchukuzi mmoja wa bandari ya Kilindini, mtu wa miraba minne mwenye kovu la waya wa kreni kwenye kigasha, aliisikiliza akasema haondoki bila hiyo, wala hana pesa. Wakakubaliana alipe shilingi 20 kila Jumamosi. Wiki zote zile santuri ilikaa chini ya kaunta, na kila Jumamosi akishalipa aliomba apewe kile kitabu tu. Alikaa juu ya kasha tupu akinakili maneno ya nyimbo katika daftari la shule, kwa herufi kubwa, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo. Siku alipomaliza deni alikuwa ameshayahifadhi maneno yote ya muziki ambao hajawahi kuupiga kwake.

Reggae ilituingia kwa njia nyingine. Soul ilikuja na redio na sinema na majarida ya Marekani, imevaa vizuri. Reggae ililetwa na mabaharia. Wao ndio waliotua kutoka London na Cardiff na santuri za Bob Marley, Jimmy Cliff na Burning Spear kabla duka halijasikia habari zake, na waliowafuata kwanza walikuwa wachukuzi, makuli wa magodauni, mafundi wa meli. Nimelifikiria sana jambo hilo na nina maoni yangu. Katika muziki huu ngoma kubwa inaliacha pigo la kwanza likapita tupu, halafu inatua kwenye la tatu, na besi inatembea chini yake kama mtu aliyebeba gunia juu ya ubao mwembamba kutoka melini, hana haraka, anajua akiteleza atakwenda nalo. Ndugu wawili wa ukoo wa Barrett, Carlton kwenye ngoma na Aston kwenye besi, ndio waliomjengea Bob mwendo huo. Mtu aliyebeba gunia kweli aliutambua mara moja, bila kujua Kiingereza cha nyimbo zenyewe. Vijana wa Mombasa wa kundi la Them Mushrooms, waliokuwa wakiwapigia watalii mahotelini, nao waliushika mapema, na mwendo huo ukaingia katika nyimbo za Kiswahili ukakaa.

Sasa nije kwenye ile santuri yenyewe. Ilikuwa Januari 1980. Mzee Kenyatta alikuwa amefia hapa hapa Mombasa Agosti ya mwaka 1978, Moi alikuwa madarakani, watoto wa shule walikuwa wameanza kunywa maziwa ya bure, na mimi nilikuwa nimeongezwa mshahara mpaka shilingi 450. Sisi tulikaa Kisauni, karibu na Kengeleni, na kuja mjini nililivuka lile daraja la zamani la kuelea, lililopanda na kushuka na maji. Jirani yetu mmoja alikuwa baharia. Alirudi usiku kutoka safari ya miezi kumi na moja, na asubuhi yake, kabla hajanyoa ndevu, alinipigia hodi akiwa na kitu kimefungwa ndani ya gazeti la Kiingereza. Ilikuwa santuri ya Bob Marley aliyoinunua London, mpya kabisa, imetoka mwanzoni mwa Oktoba. Alikifungua kwenye baraza yetu. Sikuona jina la mwimbaji wala picha yake. Niliona bendera.

Bendera tupu, safu kwa safu, zaidi ya 40, za nchi za Afrika, zimepangwa kama vitambaa vya leso dukani. Sijui kama unaweza kuelewa kilichotupata. Maganda yote niliyoyashika kwa miaka mitatu yalikuwa na sura ya mwimbaji, au mwanamke mzuri, au gari. Hili lilikuwa na sisi. Jirani mwingine aliyekuwa akipita na baiskeli alishuka. Muuza maji akasimamisha rukwama yake. Akaja mzee wa kahawa na dele lake, makaa yakifuka chini yake, akakaa kitako kabisa. "Yakhe, hii si yetu?" alisema, kidole kwenye ile ngao na mikuki miwili. Wakaanza kuzitafuta nyingine: Tanzania na mshazari wake mweusi, Uganda na korongo wake, Somalia na nyota moja, Zambia na tai kwenye pembe. Zile zisizojulikana zilizua ubishi. Mtu mmoja aliapa kuwa Gabon ni Rwanda. Ikabaki bendera moja iliyowashinda wote, nusu nyekundu nusu nyeusi, ina nyota nyeupe na ndege wa manjano aliyetanua mkia. Baharia aliitazama, akageuza kichwa, akasema hiyo si ya Afrika. Aliwahi kuiona bandarini mashariki ya mbali, kusini mwa Bahari ya Pasifiki: ni Papua New Guinea, nchi iliyopata uhuru 1975. Jinsi ilivyoingia katika safu hizo hakuna aliyeweza kusema. Mzee wa kahawa akatoa hukumu kwamba ikiwa watu wake ni weusi na wametawaliwa, basi iachwe ikae.

Tulikuwa na kinanda kidogo cha Philips cha kutumia mawe ya betri, kifuniko chake ndicho spika. Mawe sita makubwa, ya kununua mapya kila wiki mbili ukipiga sana. Baharia akaitoa santuri kwenye karatasi yake, akaipuliza vumbi ambalo halikuwako, akaiweka. Wimbo wa kwanza unaanza polepole, unaeleza matatizo yaliyoujaa ulimwengu, wa pili ni wa Zimbabwe. Wakati Bob alipourekodi Kingston mwaka 1979 nchi hiyo ilikuwa bado inaitwa Rhodesia na vita vilikuwa vinaendelea. Siku ile kwenye baraza mkataba wa Lancaster House ulikuwa umetiwa sahihi mwezi mmoja tu kabla, tarehe 21 Desemba, na sisi tulikuwa tumeusikia kwenye Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Ilikuwa kama mtu ameimba kesho. Tuliusikiliza mara tatu, muuza maji akaacha wateja wake wamngoje, na ulipokuja ule wa kuwaita Waafrika waungane mzee wa kahawa aliuliza maneno yake, nikamfasiria kadiri nilivyoweza, akasema Nkrumah aliyasema hayo hayo wakampindua.

Niliinunua santuri ile kwa shilingi 90. Baharia aliniambia angempa mwingine kwa 120, akanipunguzia kwa ujirani. Jioni niliipeleka ndani kwa nyanya yangu, si kwa kuwa alipenda muziki wa namna hiyo, bali kwa kuwa kila kitu kipya kilichoingia nyumba ile kilipitia mikononi mwake kwanza.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo katika nyumba yetu halikuelezwa. Kengeleni inaitwa hivyo kwa sababu ya kengele, na kengele ile iliwekwa iwaonye watu majahazi ya wafanyabiashara wa watumwa yakionekana. Mahali penyewe palikuwa Frere Town, mji ulioanzishwa na Wamisheni wa Kiingereza mwaka 1875 kuwapokea watu waliookolewa baharini na manowari za Uingereza. Walitoka bara, Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa, watoto wengi mno miongoni mwao. Sisi ni wajukuu wao. Watoto wa Frere Town walisoma, wakawa makarani na walimu na mafundi, wakaimba katika kanisa la Emmanuel, lakini neno lenyewe, mtumwa, halikutamkwa. Mjini lilikuwa tusi la kumvunja mtu. Ukigombana na mwenzio sokoni angeweza kukutupia, na hapo hakuna jibu. Nyanya alikuwa amezaliwa karibu na mwaka 1900 na nilikuwa sijamsikia akilisema hata siku moja. Tulipouliza tulitoka wapi, alitujibu tumetoka kanisani.

Alikuwa akichambua mchicha. Nilimpa ganda mkononi akazitazama bendera, akasema ni nzuri, wameshona vizuri. Kisha macho yake yakapanda juu. Juu ya safu za bendera, nyuma ya herufi za jina la santuri, kuna mchoro wa rangi nyeusi na nyeupe, umelala kwa urefu, na ukiutazama juu juu unaweza kudhani ni urembo. Mimi mwenyewe nilidhani hivyo barazani mchana kutwa. Aliufuta mkono kwenye leso, akasema, "Hebu nipe miwani." Akalisogeza ganda kwenye taa ya mafuta. Nikaona nami kwa mara ya kwanza kwamba ule urembo ni watu. Mamia ya watu wadogo mno, wamelazwa bega kwa bega ndani ya umbo la merikebu.

"Hii nini?"

"Ni merikebu, nyanya."

"Naona ni merikebu. Ya nani?"

Nikasema. Nililitamka neno lile mbele yake, na sikujua mikono niiweke wapi. Alinyamaza muda mrefu, nikasikia mbu, nikasikia mawe ya jiko yakipasuka nje. Kidole chake cha shahada kilikuwa kinapita juu ya watu wale mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu shanga, kikifika mahali kinarudi kuanza. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya kuniambia chumvi imekwisha:

"Hawa wamelazwa. Wetu walikalishwa."

Usiku ule nilimjua mama yake. Alikamatwa akiwa mtoto wa miaka kama saba, huko karibu na ziwa, akatembezwa mpaka pwani ya kusini, na katika jahazi watu walipangwa juu ya ulalo wa mianzi, ulalo juu ya ulalo, wamekaa magoti yamegusa kidevu, kwa kuwa dari haikutosha mtu kunyoosha mgongo. Manowari ililishika jahazi hilo baharini. Walipoteremshwa Kisauni mtoto yule hakuweza kusimama, akabebwa. Akapewa nguo, kitanda, jina jipya la ubatizo. Jina la kijiji chake alilisahau. Alichobaki nacho ni umbo la mto uliopita nyuma ya nyumba yao, na jina la kaka yake mdogo, ambalo nyanya alinitajia na ambalo sitaliandika hapa. Alipomaliza aliuliza mwimbaji huyu ni wa wapi. Nikamwambia ni Mjamaika, wazee wake walichukuliwa kutoka Afrika wakavushwa bahari ile nyingine, mpaka mwisho.

Akawaza. "Basi sisi tuliachwa nusu ya njia," alisema.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mchoro ule ni wa Brookes, meli ya Liverpool, na kwamba ulichapishwa mwaka 1788 na Waingereza waliokuwa wakiipinga biashara ile, ili mtu aliyekaa kwake London akinywa chai aone. Neville Garrick, mchoraji wa Bob, ndiye aliyeuweka juu ya bendera. Nasema kwa moyo wangu wote kuwa sijui kazi ya mchoraji wa maganda ya santuri iliyosafiri mbali kuliko hiyo, maana ilitoka Kingston ikafika Kengeleni, kwa mwanamke wa miaka 80 aliyekuwa akichambua mchicha.

Nyanya hakulirudisha ganda. Alimtuma mtoto akaleta misumari minne, likatundikwa sebuleni, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya baba yangu ya sare. Santuri yenyewe nikaiweka katika karatasi yake ndani ya kabati la vyombo. Dukani ilipokuja, wiki kadhaa baadaye, hakuna mteja aliyeitaja kwa jina lake la Kiingereza, Survival. Walisema nataka ile ya bendera, na tajiri, ambaye hakuwahi kuagiza zaidi ya kumi za mwimbaji yeyote, aliagiza ishirini, kisha ishirini nyingine. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Aprili Bob alipiga katika uwanja wa Rufaro, Salisbury, Zimbabwe ikizaliwa, na vyombo vyake alivisafirisha kwa pesa zake mwenyewe. Asubuhi tulifungua duka saa moja badala ya saa mbili, tukaweka spika mlangoni. Mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, Stevie Wonder alitoa Hotter than July, na humo mna wimbo wa mwendo wa reggae unaomtaja Marley na amani ya Zimbabwe. Yule mchukuzi wa daftari alikuja akausikiliza, akacheka peke yake. Alisema ndugu zake wawili wamepatana.

Bob alikufa Miami tarehe 11 Mei 1981, ana miaka 36, kwa saratani iliyoanzia kidole cha mguu. Habari zilitufikia kesho yake, Jumanne. Sikumbuki duka kujaa vile siku nyingine yoyote. Walikuja wachukuzi na kofia zao mkononi, wakasimama tu. Kufikia adhuhuri hakuna santuri ya Bob iliyobaki, hata ile ya dirishani iliyopaushwa na jua. Kijana mmoja wa Likoni, aliyekuwa akipiga muziki kwenye dansi, akaniomba ile yangu kwa usiku mmoja, kwa ajili ya mkesha. Nilimpa santuri, ganda likabaki ukutani. Haikurudi. Nilivuka feri mara nne kumtafuta, mara ya nne nikaambiwa amehamia Malindi. Nilirudi nyumbani nimekunja uso, nikamweleza nyanya hasara yangu, shilingi 90 na kitu ambacho pesa hazikinunui. Alikuwa amekaa chini ya lile ganda akishona. "Sahani iache iende," alisema. "Watu si wamebaki?"

Alikufa Agosti 1986. Baada ya maziko wazee wa kike wa Kengeleni walijaa sebuleni kama ilivyo desturi, chai ya tangawizi ikapitishwa, na kwa muda yakazungumzwa ya kuzungumzwa, magonjwa, wajukuu, mvua. Nilikuwa nimesimama mlangoni na birika. Mmoja wao, rika la marehemu, aliinuka kwenda kutazama picha ya baba yangu, macho yake yakahamia kwenye ganda, akasogea mpaka pua ikawa karibu kugusa. Akaweka kidole. Wengine wakanyamaza. Akasema mama yake naye alikalishwa, ubavuni kwake alikaa mtoto wa kike kutoka kijiji cha pili, na hawakuachana mpaka Kisauni. Mwingine, kutoka kwenye mkeka, akauliza mtoto huyo aliitwa nani. Jina likatajwa. Yule aliyeuliza akaweka kikombe chini. Likatajwa jingine, na jingine, na mto, na mlima wenye vichwa viwili, sauti zikianza kupandiana, na mimi nikaliweka birika sakafuni nikatafuta kalamu. Karatasi sikuipata. Nilikuwa na kitabu cha risiti za duka mfukoni, nikaanza kuandika nyuma yake.